Ushahidi wa Hilali

Miongoni mwa matendo ya mwanadamu hakuna lionekanalo jepesi kama kuona. Mtu hufumbua macho alfajiri, na dunia humjia bila ya kuitwa: mlango, kisima, mnazi, uso wa jirani. Hajiulizi ameonaje, wala jirani hamwulizi. Lakini yako machweo machache katika mwaka ambapo tendo hili jepesi huwa zito kama kiapo. Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, na jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, neno "nimeona", likitoka katika kinywa cha mtu mmoja au wawili waaminiwao, huwafungisha au huwafungulisha maelfu ya watu ambao wao wenyewe hawakuona kitu. Ni vigumu kutaja jambo jingine ambalo kwalo jicho la mtu wa kawaida, asiye na cheo wala elimu kubwa, hupewa mamlaka kama hayo.

Kijiji cha Wambaa, katika Wilaya ya Mkoani, kusini ya Pemba, kimejaliwa mahali pema pa kufanyia kazi hiyo. Ufuko wake unaelekea machweo. Mbele yake ni mkondo wa bahari unaoitenga Pemba na bara, na ng'ambo ya maji ni mrima wa Tanga na Pangani, ambako jua hutua. Hilali ya usiku wa kwanza, kama ipo, huwa juu kidogo ya mahali hapo, imelala chali kama ngalawa, nyembamba kama ukucha uliokatwa, nayo haimngoji mtu; muda si muda huzama nyuma ya jua. Wavuvi wa pwani hiyo hawana haja ya kuiona ili wajue kuwa mwezi mmoja umekufa na mwingine umezaliwa. Bamvua huwaambia. Maji yakijaa sana na kutoka sana, yakaacha wazi mizizi ya mikoko na mchanga ambao siku za maji mafu haupati jua, mvuvi huhesabu na kujua mwezi uko wapi, hata mbingu ikiwa imefunikwa na wingu zito. Elimu yake ni ya kweli, tena ya kale. Walakini haijasikiwa kuwa mvuvi alikwenda kwa kadhi akadai kwamba Idi imeingia kwa sababu maji yamekupwa sana. Kujua ni jambo moja na kushuhudia ni jambo jingine. Na tofauti hiyo, ambayo zamani ilieleweka bila ya maneno mengi, siku hizi imeingiliwa na kitu cha tatu ambacho si ujuzi wa mvuvi wala jicho la shahidi.

Kitu hicho ni picha iliyofanyizwa kwa hesabu. Na idhaniwe kuwa kijana mmoja ameshuka pwani ya Wambaa pamoja na wazee wake baada ya sala ya Magharibi. Watu wamekodoa macho mpaka yametoka machozi, na hapana aliyeona. Kijana ainua simu yake, avuta mbingu karibu, abonyeza mara moja. Na katika kioo hilali yang'aa, pembe zake mbili zimesimama sawasawa. Wazee hutazama kioo, hutazama mbingu, hutazama tena kioo. Mbinguni hamna kitu. Kiooni mna mwezi. Kijana huyo ameona, au hakuona? Na akiitwa mbele ya kadhi, atashuhudia nini?

Swali hili si la mchezo wa wanafunzi. Kwa watu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wa Pemba, kauli iliyo mashuhuri ni kuwa shahidi mmoja mwadilifu hutosha kuingiza Ramadhani, na mashahidi wawili hutakiwa ili kuitoa. Kukosea upande mmoja ni kula mchana wa Ramadhani. Kukosea upande wa pili ni kufunga siku ya Idi, jambo ambalo ni haramu. Hakuna upande ambao mtu aweza kuukimbilia akasema kuwa akikosea huko si neno. Zaidi ya hayo, katika Pemba, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani, watu tayari wamegawanyika baina ya wale wangojao mwezi uonekane kwao au utangazwe na Ofisi ya Mufti, na wale wafuatao habari ya kuonekana kwake katika nchi nyingine. Hutokea nyumba moja ikanuka pilau ya Idi hali nyumba ya pili, yenye ndugu wa tumbo moja, ingali imefunga. Mgawanyiko huo una hoja zake na vitabu vyake, wala haukuletwa na kamera. Lakini picha moja ipitayo kutoka simu hata simu usiku wa ishirini na tisa yatosha kuutia moto.

Wako wasemao kwa haraka kuwa picha ya hesabu si picha, na kwamba kilichokokotolewa hakikuonekana, basi shauri limekwisha. Kauli hii ni tamu masikioni lakini haina miguu. Kipokezi cha nuru kilichomo ndani ya kamera ya leo hakijui rangi. Kila kijitundu chake hupima wingi wa nuru tu. Ili rangi ipatikane, kila kijitundu hufunikwa kwa kichujio cha rangi moja, nusu ya vyote kijani, robo nyekundu na robo buluu, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Katika kila nukta, basi, rangi moja imepimwa, na rangi mbili zimekisiwa kwa kuangalia nukta zilizo jirani. Thuluthi mbili za rangi katika picha ya arusi, ya pasipoti, au ya marehemu itundikwayo ukutani, hazikupimwa kamwe, zimehesabiwa. Atakayekataa hesabu na akatae zote hizo. Hapana anayezikataa, maana kisio hilo hufuata nuru iliyofika kweli, na aghalabu hupata.

Ufundi wenyewe, kwa sadfa ya ajabu, ulipata nguvu zake mwezini. Mwaka 1957 Mmarekani Russell Kirsch na wenzake waliigeuza picha ya mwanawe mchanga kuwa tarakimu, nukta 176 kwa 176, na hiyo huhesabiwa kuwa picha ya kwanza kuingizwa katika kompyuta. Lakini kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa ya Ranger 7, chombo kilichotumwa kwenda kujibamiza mwezini tarehe 31 Julai 1964. Kabla ya kuvunjika kilipeleka picha zaidi ya 4,300, na wataalamu wa California wakatumia kompyuta kuzinyosha na kuzisafisha kasoro zake. (Unguja nayo ilikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatia vyombo vya anga vya Mercury, kilifungwa mwaka huo huo wa 1964, baada ya Mapinduzi.) Kwa hiyo mwezi na hesabu ya picha ni wenzi wa siku nyingi, na mzee wa Wambaa ashangaaye kuviona pamoja katika simu ya mjukuu wake anashangazwa na ndoa yenye miaka zaidi ya sitini.

Pemba yenyewe imekwisha kupigwa picha ambayo hapana jicho lililopata kuiona. Tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba, zikapiga maelfu kwa maelfu ya picha zilizopandana kingo. Programu ilitafuta alama zilizo sawa katika picha mbili, katika picha tatu, ikazivuta na kuzinyosha hadi zikawa ramani moja, kila paa na kila mkarafuu ukitazamwa kutoka juu wima. Hakuna mahali angani ambapo mtu angeweza kusimama akayaona yote vile. Kivuli cha mti huu ni cha asubuhi, na cha mti wa pili huenda ni cha siku nyingine. Ng'ombe aliyekuwa akitembea aweza kuwa amekatwa nusu au amefutika kabisa. Mwaka 2018 picha hizo zilitumiwa katika shindano la kuifundisha mashine itambue nyumba iliyokamilika, nyumba isiyokamilika, na msingi mtupu. Je, ramani hiyo ni uongo? Hasha. Mtu mwenye shaka aweza kushuka Wambaa na kamba yake, akapima msingi uliotajwa, akakuta ni msingi au si msingi. Ramani hutaja kitu kilichopo mahali penye njia ya kufikika, na kwa hivyo imejitia mikononi mwa yeyote atakaye kuisahihisha.

Hilali haina njia ya kufikika kwa miguu wala kamba. Hapo ndipo shauri linapokuwa gumu, na hapo yafaa kutenga aina mbili za hesabu ambazo machoni hufanana kama pacha.

Aina ya kwanza ni ya kukusanya. Picha moja iliyopigwa mahali ambapo kitu kinatofautiana kidogo mno na mbingu yake hujaa chengachenga, kama za televisheni iliyokosa mawimbi. Chenga hizo hazina makazi: katika picha hii hukaa hapa, katika picha ya pili hukaa pale. Kitu cha kweli hukaa pale pale. Picha mia zikijumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa mia, chenga hushuka hadi sehemu moja ya kumi ya zilivyokuwa, na kilichofichwa nyuma yake hujitokeza polepole, kama mwamba maji yakipwa. Kwa njia za namna hii, na kwa nuru ya chini ya wekundu ambayo jicho la mtu haliipokei, Mfaransa Thierry Legault aliipiga hilali tarehe 8 Julai 2013 huko Élancourt, karibu na Paris, katika dakika ile ile mwezi ulipolipita jua: ilikuwa saa nne na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Pemba, na mwezi ulikuwa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua. Katika miaka ya 1930 mwanafalaki André Danjon alikuwa amekadiria kuwa mwezi uliokaribia jua kwa chini ya nyuzi saba hivi hauonekani na mtu. Kamera ilipita mpaka huo mchana kweupe. Katika jangwa la Abu Dhabi, kituo cha falaki cha Al Khatm nacho hupiga hilali mchana kwa kamera na darubini, na picha zake hufika simu za Pemba kabla jua la Pemba halijatua.

Aina ya pili ni ya kujaza. Mwezi Machi 2023 mtu mmoja alifanya jaribio lililoenea duniani kote. Alichukua picha ya mwezi mpevu, akaipunguza na kuifukiza mpaka ikawa bonge jeupe lisilo na bonde wala doa, akaionyesha katika kioo cha kompyuta, akazima taa, kisha akaipiga kwa simu ya Samsung iliyosifiwa kwa picha za mwezi. Simu ilirudisha mwezi wenye mabonde na madoa yake. Nuru iliyotoka katika kioo haikubeba mabonde hayo, yalikuwa yamefutwa. Simu ililitambua umbo, ikakumbuka miezi mingi iliyofundishwa, ikalijazia umbo kile ambacho mwezi huwa nacho. Kampuni ilieleza njia hiyo waziwazi, pamoja na kusema kuwa simu imefundishwa maumbo ya mwezi tangu hilali mpaka mwezi mpevu, na kwamba mwenye simu aweza kuuzima ufundi huo akitaka. Hapakuwa na siri. Lakini ni wangapi walioinua simu zao wakijua kuwa sehemu ya watakachokiona ni kumbukumbu?

Tofauti ya aina hizi mbili si ndogo hata chembe. Mkusanyaji hutoa kile kilichofika, hata kama kilifika kidogo kidogo. Mjazaji hutoa kile ambacho kwa desturi hufika. Wa kwanza ni kama mtu asikilizaye mnong'ono mara mia mpaka aupate neno kwa neno. Wa pili ni kama mtu asikiaye nusu ya methali akaimaliza mwenyewe kwa sababu anaijua. Huyu wa pili mara nyingi hupata, na kupata kwake ndiko kunakomfanya awe shahidi wa hatari, kwa kuwa siku msemaji atakapoigeuza methali, yeye atamshuhudilia maneno ambayo hakuyasema.

Husimuliwa kisa cha kale cha Basra ambacho kingefaa kusomwa katika kila chuo kifundishacho ufundi wa kamera. Watu walitoka kutazama hilali, na pamoja nao alikuwamo Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, mzee aliyekaribia miaka mia. Anas akasema ameuona mwezi, akauelekeza kidole. Na wengine wote hawakuona kitu. Alikuwapo Iyas bin Muawiya, kadhi aliyesifika kwa werevu. Hakumwambia sahaba kuwa amesema uongo, kwani hakuwa mwongo. Alimtazama usoni, akauona unywele mmoja mweupe wa nyusi uliopinda mbele ya jicho lake. Akaupangusa kwa upole, akausawazisha, kisha akamwomba awaonyeshe tena mahali pa mwezi. Mzee akatazama, akasema hauoni.

Wasimulizi hukipenda kisa hiki kwa werevu wa Iyas. Hata hivyo jambo kubwa zaidi limo katika jibu la Anas. Alikuwa amekwisha kutamka mbele za watu, alikuwa na heshima ambayo hakuna aliyekuwa nayo pale, angeweza kushikilia. Lakini jicho lake, baada ya kupanguswa, lilikuwa na uwezo wa kukosa kuona, na ulimi wake ulikuwa na uwezo wa kulisema hilo. Ushahidi wake wa kwanza ulikuwa na thamani kwa sababu ile ile: ulitoka kwa mtu ambaye, asipoona, husema kuwa haoni. Mtu asemaye "nimeona" kila anapoulizwa hajashuhudia kitu, hata siku ile ambayo mwezi upo kweli.

Mizani hii ndiyo ya kuwekea kamera, na wala si ile ya kuuliza kama mna hesabu ndani yake au hamna. Picha ya kukusanya ina unywele ambao waweza kupanguswa. Aliyeipiga anazo picha zote mia. Aweza kuzitoa moja moja. Aweza kuielekeza darubini mahali patupu pa mbingu, akafanya kazi ile ile, akaonyesha kuwa hapo hapakutokea hilali. Picha ya kujaza haina mlango huo. Simu humpa kijana wa Wambaa sura moja iliyokwisha kupambwa, na humo nuru na kumbukumbu zimesukwa pamoja kama ukindu wa rangi mbili katika mkeka, wala hapana uzi wa kuvuta ili zitengane. Huenda siku hiyo mwezi ulikuwapo, na huenda nuru yake kidogo ilifika. Kijana hajui, kadhi hajui, na simu, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa pale, haikutengenezwa ili iulizwe. Imetengenezwa ili impendeze aliyeinunua, na mnunuzi hapendezwi na kioo kitupu.

Kwamba mashine yaweza kufundishwa adabu ya Anas si ndoto. Tarehe 10 Aprili 2019 ilitangazwa picha ya shimo jeusi la kundi la nyota liitwalo M87, iliyofanyizwa kwa hesabu tupu kutokana na vipimo vilivyochukuliwa Aprili 2017 na darubini nane za redio zilizotawanyika duniani. Wataalamu wake walijua kuwa kila mmoja wao alitazamia kuona pete, na kwamba anayetazamia pete aweza kuitengeneza bila ya kukusudia. Basi waligawanyika vikundi vinne, vikakatazwa kusemezana, kila kimoja kikafanya picha yake; vilipokutanishwa, vyote vilikuwa na pete. Hata hapo hawakuridhika. Walizijaribu njia zao kwa vipimo vya kubuni, vingine vya pete, vingine vya duara lililojaa, vingine vya nukta mbili, na vingine, ajabu iliyoje, vya umbo la hilali, ili wahakikishe kuwa njia itakayotumika hurudisha duara ikipewa duara, na haichoti pete mahali pasipo pete. Walizipangusa nyusi zao kwanza, ndipo wakatazama.

Hapana budi kusikiliza hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Jicho nalo hujaza. Hasan bin al-Haytham, aliyeandika kitabu chake cha elimu ya kuona huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alionyesha kuwa nuru huingia jichoni kutoka kwenye vitu, na kwamba kuona hakukamiliki kwa nuru peke yake: akili hupima, hulinganisha na ilichowahi kujua, huhukumu, na yote hayo kwa upesi kiasi ambacho mtu hahisi kuwa amehukumu. Kwa hukumu hiyo alifafanua kwa nini mwezi karibu na upeo wa macho huonekana mkubwa kuliko ulivyo juu. Ikiwa ni hivyo, shahidi asimamaye ufukoni akiitamani Idi, akiwa na njaa, akiwa na watoto wanaongoja nguo mpya, naye ni mjazaji. Wanachuoni hawakulisahau hilo. Taqiyuddin as-Subki, imamu wa Kishafi aliyefariki mwaka 1355, alishika kuwa ikiwa hesabu ya yakini imeonyesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana jioni hiyo, ushahidi wa anayedai kuuona urudishwe. Hapo hesabu haikuletwa ili ichukue nafasi ya jicho. Ililetwa ili imsaidie kadhi kumpangusa shahidi.

Hoja hiyo, kwa hiyo, badala ya kuitetea simu, huonyesha inachokosa. Jicho hujaza, ndiyo. Lakini limo katika uso wa mtu, na mtu yumo katika kijiji. Uadilifu wa shahidi wa hilali haukuwa sifa ya macho yake. Ulichunguzwa katika mambo yasiyohusiana na mwezi kabisa: alipimaje samaki, alilipaje deni, alisemaje juu ya watu wasiokuwapo. Wapokezi wa hadithi nao walichunguzwa namna hiyo, kila mmoja kwa jina lake, nani kutoka kwa nani, na mnyororo uliokosa pete moja ulihesabiwa dhaifu hata maneno yake yakiwa mazuri. Picha ifikayo Wambaa usiku wa ishirini na tisa, imepita katika simu arubaini, haina mnyororo. Aliyeipiga hajulikani, mahali hapajulikani, siku haijulikani, na sasa hata kiasi cha nuru kilichomo ndani yake hakijulikani.

Walakini usifikiriwe kuwa dawa ni kuwaachia wataalamu wa mbali shauri lote. Picha ya Al Khatm, hata ikiwa ni ya kukusanya, hata ikiwa kweli kabisa, hupanguswa na watu wachache wenye darubini na elimu ya miaka mingi. Mzee wa Wambaa hawezi kuzitaka zile picha mia, na akipewa hatajua la kuzifanya. Akiikubali, amekubali kwa sababu anawaamini watu asiowajua, nao hawawajibiki kwake. Hiyo si dhambi. Watu humwamini daktari kwa namna hiyo hiyo. Ila ni badiliko kubwa, na watu wana haki ya kujua kuwa linatokea. Zamani mtu wa Wambaa alipofunga kwa kauli ya shahidi, aliweza siku ya pili kumkuta njiani na kumwuliza. Mamlaka yaliyokuwa yamewekwa katika jicho la mvuvi, mkulima wa karafuu au fundi seremala huhamia kwa wenye vyombo, na kuhama kwake hakupigiwi kura wala fatwa. Hupita kimya, kwa njia ya uzuri wa picha. Hukumu iliyo karibu na haki ni kuwa picha ya kukusanya ipewe daraja ya elimu, kama bamvua la mvuvi: imwambie kadhi mwezi uko wapi, imsaidie kumhoji shahidi, wala isiitwe kuona. Na picha ya kujaza isipewe daraja yoyote katika shauri hili, hata ikileta hilali iliyo nzuri kuliko ile iliyopo mbinguni.

Sheria yenyewe iliweka nafasi kwa asiyeona. Mawingu yakizuia, mwezi hukamilishwa siku thelathini, na hakuna anayelaumiwa. Hakuna kilichojazwa, kutoona kumehesabiwa kuwa jibu kamili, lenye hukumu yake na heshima yake, na maelfu ya watu wameamka siku ya thelathini wakafunga kwa jibu hilo bila ya manung'uniko. Katika miaka ya 2021 na 2022 Ramadhani iliangukia Aprili, wakati wa masika, ambapo mkondo wa Pemba huweza kufunikwa na mawingu jioni nyingi mfululizo. Mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika mwaka 2030 unatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, majira ya kaskazi. Simu zitakazokuwa mikononi mwa watu siku hizo zitajaza kwa ufundi kuliko hizi, na watakaoshuka ufukoni Wambaa watazitia mfukoni au watazielekeza machweo.